Jeep ya okazioni ya kuvuta remorki: tazama chini mbele ya kutazama rangi



Mwezi huu watu wane wameniletea ulizo moja: "Grand, tunatafuta jeep ya okazioni ya kufika ku shamba na kuvuta remorki kidogo, tuchukue ipi?" Wote wane walikuwa na picha ndani ya simu. Rangi inang'aa, rimu zinang'aa, ekrani kubwa mbele ya shoferi. Hakuna hata mmoja aliyenitumia picha ya chini ya gari. Basi nikaona heri niandike mara moja, kila mtu asome.

Niseme ukweli toka mwanzo: mimi si mekanisie, mimi ni agronome. Mambo ya gari nimeyajifunza kwa hasara, na hasara yenyewe ni hii.

Sisi watatu tulimaliza masomo pamoja hapa Lubumbashi, tukakodi hektari saba upande wa barabara ya Kasenga, kilometa kama 50 toka mjini, na kilometa 9 za mwisho ni njia ya udongo. Kazi ni mahindi. Kila msimu kamioni ya kukodi ilikuwa inakula faida yetu: mbolea kwenda, mahindi kurudi. Tukasema tununue jeep, tuchomeleshe remorki, tujitegemee. Tukaweka pamoja dolari 7,500, akiba ya miaka miwili. Tukanunua jeep ndogo ya otomatiki, ya kupendeza macho, imeandikwa 4x4 nyuma kwa herufi kubwa. Jina lake silitaji, maana kosa halikuwa la gari. Ile gari ilitengenezwa kwa kupeleka watoto ku masomo ndani ya mji wa lami, na hiyo kazi ingeifanya vizuri mpaka leo. Kosa lilikuwa la wanunuzi.

Ilikufa mwezi wa kwanza, ndani ya majuma ya mvua kubwa. Nyuma tulikuwa na magunia 20 ya urea. Tulikuwa tumeingia ile njia ya udongo, tunakwenda polepole, mara tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha moteri ikawa inapiga kelele lakini gari haiendi. Mafuta ya bwati ya vitesi ilikuwa imeungua, imekuwa nyeusi kama kahawa. Vijana wa kinga walitusaidia kupeleka magunia sita. Mengine yakalowana, na kamioni hakuna iliyokubali kuingia ile njia mbele ya majuma matatu. Ninyi mnaosoma agronomia munajua maana yake: mahindi ikifika juma la nne au la tano, kimo cha goti, njo wakati inaomba azoti. Yetu ilingoja. Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano toka ncha, ikifuata mshipa wa katikati, ile alama ya V tuliyochoreshwa ku masomo. Msimu ule tulivuna karibu nusu ya hesabu yetu. Mwenzetu mmoja akatoka ndani ya kazi, na sikuweza kumlaumu.

Kwa hiyo mtu akiniambia anatafuta jeep ya kuvuta, mimi siulizi kwanza bei. Ninauliza kilo.

Magunia 20 ya kilo 50 ni kilo 1,000. Remorki ya kuchomelea hapa kwetu, eksi ya gari ya zamani na vyuma vizito, inafika kilo 350 bila shida. Nyuma yako kuko basi kilo 1,350. Ku Ulaya remorki isiyokuwa na freni zake yenyewe hairuhusiwi kupita kilo 750, hata gari inayoivuta iwe kubwa namna gani. Hapa hakuna mtu atakayekusimamisha na mizani, lakini uzito ni ule ule.

Kisha fikiria njia. Ku lami, tani moja inayotembea inaomba kuvutwa na nguvu ya kilo 15 hivi. Ndani ya udongo laini uliolowa inaomba 100 na zaidi. Mpando wa asilimia 10 unaongeza zingine 100. Ile remorki ambayo ku lami inakufuata kama mbuzi wa nyumbani, ku njia ya shamba inakuwa nzito mara saba. Na pale hauendi mbio, unakwenda kilometa 10 kwa saa, hakuna upepo unaoingia ku radiateri. Hapo njo jeep nyingi zinakufa. Watu wanasema "ilikosa nguvu". Hapana. Nguvu ilikuwako, ilikosa njia ya kutoa joto.

Nieleze kidogo juu ya otomatiki, sababu hapo njo tulianguka. Gari ya manueli iko na ambreyaji, disiki inayoshika moteri na bwati pamoja. Otomatiki ya kawaida, pale katikati, iko na konvertiseri: ni kama panka mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Panka ya moteri inasukuma mafuta, mafuta inazungusha panka ya bwati. Ukienda polepole na mzigo mzito, ile ya kwanza inazunguka mbio, ya pili inachelewa, na tofauti yote inageuka joto ndani ya mafuta. Mafuta ikiungua haisukumi tena vizuri, haipakai tena, na disiki za ndani zinakwisha. Jeep ndogo nyingi za miaka ya karibu ziko na bwati ya CVT, yenye mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Hiyo kwa remorki ya tani mimi siigusi, hata unipunguzie bei.

Manueli nayo inaweza kuunguza ambreyaji, sikatai. Lakini ambreyaji inabadilishwa ku garaji yoyote kwa siku moja au mbili, hata Kasenga. Bwati otomatiki ikifa, hapa kwetu wanakutafutia ingine iliyotolewa ndani ya gari iliyogongwa, na hauwezi kujua nayo imevuta nini. Kama umepata otomatiki nzuri na unaitaka, angalia mambo mawili. Moja, iwe na levye ya pili ya vitesi ndogo: ukiingiza vitesi ndogo, moteri inazunguka na nafasi, konvertiseri haiteseki sana. Mbili, ijue kitufe cha O/D OFF. Ukivuta, kibonyeze, ili bwati isikimbilie ile vitesi ya mwisho na kurukaruka kati ya mbili. Na ku garaji wanaweza kuongeza radiateri ndogo ya mafuta ya bwati. Si pesa nyingi ukilinganisha na bwati yenyewe.

Sasa lala chini ya gari. Ninasema lala, usiiname. Unatafuta vyuma viwili virefu, kama reli, vinatoka mbele mpaka nyuma, na vingine vinavikata katikati kama ngazi. Hiyo ni shasi. Mwili wa gari umefungwa juu yake kwa bulo. Kama hauoni reli, unaona bati tu zilizokunjwa na kuunganishwa, gari hiyo iko bila shasi: mwili wenyewe njo unabeba kila kitu. Hizi za pili ni nyepesi, zinakula esanse kidogo, zinalala vizuri ku lami, na hata kuvuta zinavuta, kwa kiasi kilichoandikwa ndani ya kitabu chake. Shida ni kwamba hapa kwetu hakuna anayesoma kitabu. Unapeleka gari kwa muchomeleaji, anakuchomelea kroshe ku pare-shoki ya nyuma au ku bati nyembamba, na siku ya matope kroshe inaondoka na kipande cha gari. Kroshe inafungwa kwa bulo ku reli za shasi, pande mbili. Ukikuta imechomelewa tu, hesabu kwamba kroshe haiko.

Na ile 4x4 iliyoandikwa nyuma? Kuko 4x4 na 4x4. Ndani ya jeep ndogo, mara nyingi magurudumu ya mbele njo yanafanya kazi, ya nyuma yanaitwa tu mbele yakianza kuteleza, kwa njia ya kiungo chenye disiki. Kile kiungo kikizungushwa ndani ya matope dakika nyingi kinapata joto, na gari ingine inakikata yenyewe ili kisiungue. Unabaki na magurudumu mawili, saa mbaya kabisa. Kwa njia yetu ya shamba, isiyokuwa ya mashindano, kile kinachokutoa ni vitesi ndogo, pine yenye meno, na shoferi asiyekanyaga ovyo. Nguvu ya moteri inakuja kisha.

Hata ile "nguvu" yenyewe watu wanaisoma vibaya. Wanauliza farasi ngapi. Moteri ya esanse 3RZ ya Toyota, lita 2.7, iko na farasi 150 hivi. Moteri ya mazutu 1HZ ya Land Cruiser ya 70, ile ya ba ONG na ba kompani za migodi, lita 4.2, iko na farasi 130 hivi, yaani chini. Lakini 1HZ inatoa nguvu yake ya kuzungusha, 285 Nm, ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. 3RZ inatoa 240 hivi, na unapashwa kuipandisha mpaka 4,000. Ku matope, na remorki nyuma, moja inavuta ikinung'unika tu, ingine inalia. Tena tusisahau kwamba Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, na moteri isiyokuwa na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa ku karatasi. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya ile hewa. Ndiyo sababu mazutu ya turbo, hata ya zamani, inapendeza hapa.

Basi majina. Haya ni mawazo yangu, kila mtu apime na mufuko wake.

Land Cruiser ya 70 ni mfalme, hakuna mabishano, lakini mwenye pesa yake hasomi andiko langu. Patrol ya Y61, iliyoanza 1997, iko na eksi nzima mbele na nyuma, ngumu sana, ila inakunywa. Pajero za mbele ya 1999 ziko na shasi. Zile zilizofuata, shasi imeingizwa ndani ya mwili, lakini bado ziko na vitesi ndogo na zinajua matope. Kwa wenye mzigo mdogo, magunia sita au nane, Suzuki Escudo za zamani, zile za mbele ya 2005, ziko na shasi na vitesi ndogo, na watu wanazidharau bure. RAV4 ya pili na kuendelea, na X-Trail, ni gari nzuri za familia: hazina shasi ya ngazi, hazina vitesi ndogo. Nunua kama kazi yako ni lami na njia kavu na mzigo ndani ya kofre. Usiifunge tani nyuma.

Katikati ya hayo kuko Hilux Surf na Prado, na hapo nitakaa kidogo, juu ni hapo wengi wetu tunaweza kufika. Prado ya 90, ile ya 1996 mpaka 2002, iko na shasi, vitesi ndogo, magurudumu mane yanayofanya kazi kila wakati, na difransieli ya katikati inayofungwa. (Ukiifunga ku matope, uifungue ukifika ku lami kavu, vinginevyo unavunja vyuma.) Nyuma eksi nzima. Piesi zake ziko kila mahali.

Kabla hujasikiliza maneno ya muuzaji, fungua kapo, tafuta kibati cha fabrika. Gari za kutoka Japani ziko na herufi zinazosema ukweli. KZJ95 ni Prado yenye moteri 1KZ, mazutu ya turbo ya lita 3. RZJ95 ni ile 3RZ ya esanse. VZJ95 ni V6 ya esanse ya lita 3.4. Ku Prado ya 120, iliyotoka 2002, KDJ ni mazutu ya 1KD, TRJ ni esanse ya 2.7. Hilux Surf ya 1KZ ni KZN185. Ukiona kibati kinasema RZJ na chini ya kapo kuko mazutu, moteri imebadilishwa: uliza lini, nani, na karatasi iko wapi.

Kila moteri iko na ugonjwa wake. 1KZ iko na kulasi ya aluminiamu, na ikipata joto kupita kiasi kulasi inapasuka. Mara moja tu inatosha. 1KD ni ya nguvu zaidi, lakini enjektere zake zinafanya kazi na presha kubwa, zaidi ya bar 1,000, na hazipendi mazutu yenye maji na uchafu. Kama unaishi na mazutu ya bidoni za kando ya barabara, fikiri mara mbili. 1KZ, 1KD na 1HZ ziko na mkanda wa mpira unaozungusha supapi. Unabadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika mbele ya hapo supapi zinagonga pistoni, moteri imekwisha. Muuzaji akisema "mkanda tulibadilisha", jibu "asante", na uubadilishe tena. 3RZ iko na cheni, haina hilo jambo. Ndiyo sababu mtu asiyekuwa na mzigo mkubwa, asiyeamini mazutu ya njiani, anaweza kuchukua RZJ95 na kulala usingizi. Atalipa ku pompi.

Siku ya kutazama gari, fika asubuhi, bila kusema saa. Gusa moteri mkono. Ikiwa ya moto, wameiwasha mbele yako ili isikatae kuwaka, uliza sababu. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radiateri: maji iwe ya rangi, safi. Ukikuta mafuta inaelea, au kutu ya rangi ya mchuzi, acha. Kwa mazutu, waache wawashe huku kifuniko kiko wazi: maji ikianza kutoa mapovu bila kukoma, gesi ya moteri inapita ku kulasi. Chomoa fimbo ya mafuta ya bwati, kama ni otomatiki, uinuse. Mafuta nzuri ni nyekundu, haina harufu ya kuungua. Sisi tungalijua jambo hilo moja tu, tungalibaki na dolari zetu, maana niliambiwa kisha kwamba ile yetu tulinunua tayari ikiwa ya kahawia.

Chini: gari zingine zimeishi Japani sehemu za teluji, ambako wanamwanga chumvi barabarani, na chumvi imekula shasi. Gonga reli na nyundo ndogo au funguo. Sauti iwe ya chuma, si ya kopo. Tafuta rangi nyeusi mpya ya kufunika. Shasi ya miaka 25 haiwezi kuwa nyeusi kama kiatu cha ndoa. Pine: ubavuni kuko namba nne, juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la 2019. Pine ya miaka kumi, hata iwe na meno, si ya kuvutia remorki. Kilometa za ku tablo usiziamini sana. Tazama mpira wa pedali, volani, na kiti cha shoferi.

Kisha omba jambo ambalo wauzaji hawapendi: kujaribu na mzigo. Kwa gari yetu ya pili tulitazama jeep tano. Tuliwaambia wote watano, "Tutakuja na remorki, magunia 12 ya mchanga, dakika 30, mazutu yetu." Wawili walikataa palepale. Mmoja alikubali, kisha simu yake ikawa haipatikani. Wa ine, sindano ya joto ilianza kupanda dakika ya 11, tukasimama, tukashukuru. Wa tano alikuwa na KZJ95 ya manueli, rangi imepauka, mulango mmoja wa rangi ingine, kiti kimeshonwa na kamba. Sindano haikuondoka katikati. Tuliingiza vitesi ndogo, ikaingia. Tulifunga difransieli, taa ikawaka. Hata hivyo tuliporudi tulikuta radiateri inavuja kidogo ku kona, tukapunguza bei, tukaibadilisha mbele ya kuvuta hata gunia moja. Tuliilipa dolari 8,200, ikiwa ndani pesa tuliyopata kwa kuuzisha ile iliyokufa. Bila mzigo inakula lita 12 hivi kwa kilometa 100. Na remorki, lita 17. Tulihesabu hivyo wenyewe, ku pompi.

Jambo la volani ya kuume. Gari nyingi zinapita Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa, na zimetoka Japani ambako wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Mbele ya kulipa, uliza duani na wale wa transporti kama karatasi zitapita, usiulize muuzaji. Lakini ninataka kusema la hatari. Ukiwa umekaa kuume, nyuma ya kamioni ya migodi, hauoni kitu ya kukupita mbele. Bila remorki unaweza kuchungulia haraka na kurudi. Na remorki unahitaji nafasi mara mbili, na kurudi ndani haiwezekani. Sheria yetu sisi wawili: na remorki hatupiti kamioni, isipokuwa imesimama. Tunachelewa, ndiyo.

Remorki nayo inastahili maneno, juu watu wanaisahau, wanafikiri ni sanduku lenye magurudumu. Bulo ya kroshe ya Ulaya ni milimeta 50; ile ya inchi mbili ni 50.8. Tofauti haionekani na macho, lakini kichwa cha 50 juu ya bulo ya 50.8 hakifungi vizuri, na ku shimo la kwanza kinaruka. Pima na kalipa, usiamini "inaingia". Weka cheni mbili chini, zikatane kama herufi X, ili remorki ikitoka kichwa chake kisianguke ku udongo.

Na namna ya kupakia. Ukiweka mzigo mwingi nyuma ya eksi ya remorki, pua inainuka, na ukifika kilometa 70 remorki inaanza kutikisa mkia, kushoto, kuume, kila mara zaidi, mpaka inageuza gari. Weka magunia mengi juu ya eksi na kidogo mbele yake, hata pua ilale ku kroshe na uzito kama sehemu moja ya kumi ya remorki nzima. Ni rahisi kupima: sisi tunachukua ile baskili ya kupimia mahindi, tunatega pua juu yake. Kwa kilo 1,000, tunataka kama 100. Ikianza kutikisa njiani, usifunge freni, usikanyage. Toa mguu polepole, ushike volani sawa.

Freni njo jambo ambalo bado linatusumbua. Ukitoka 40 kwenda 80, nguvu ya kuzimwa inakuwa mara ine, na kama remorki haina freni, yote inaangukia freni za gari. Tumekwisha kununua eksi yenye freni zinazojifunga zenyewe remorki ikisukuma gari, iko ku muchomeleaji, anangoja bomba. Mpaka ifungwe, remorki yetu inabeba magunia 8, basi, ili tusipite kilo 750. Magunia 6 yanaingia ndani ya Prado, viti vya nyuma vimekunjwa. Ni safari mbili pahali pa moja, na hatupiti 60. Mwenzangu anasema ninaogopa kupita kiasi, mimi ninamwambia alipe lita za safari ya pili anyamaze. Msimu huu urea ilifika ku shamba siku ya 30 kisha kupanda, kavu, magunia yote 20.